Batri ya Jua Nyumbani: Maneno Tuliyotoa Kwenye Kikao cha Kibumba

(Kamati imeyaandika namna yalivyosemwa, kwa wanachama ambao hawakufika na kwa wafadhili wetu walio mbali.)

Aksanti kwa kuacha mashamba mchana huu. Tunajua karoti na mashu hazingoji kikao, kwa hiyo hatutazunguka.

Neno la leo ni moja: feza ya batri. Ndugu zetu wa Kanada, wa Ubelgiji, na wale wachache wa Kampala wamechanga, na wametuandikia kwamba wanataka kila nyumba ya mwanachama ipate mwanga. Mioyo yao ni mizuri. Lakini feza yenyewe haitoshi kila nyumba, na hata kama ingetosha, sisi wa kamati tuna swali: nyumba ya mtu wa Kibumba inataka umeme wa namna gani? Mtu wa Montréal akisema umeme wa akiba, anafikiri siku moja ya dhoruba, waya umeanguka, kesho yake mafundi wanakuja na gari. Sisi hapa akiba njo maisha yenyewe. Basi tusikilizane vizuri kabla ya kununua, maana kitu kama hiki tukikosea leo hatutapewa feza mara ya pili.

Tukumbushane kidogo tulikotoka, kwa ajili ya wale watakaosoma mbali. Wengi wetu tulitoka hapa mwisho wa 2022, vita vilipofika Kibumba mwezi wa kumi na moja. Tukashuka Kanyaruchinya, wengine wakapita wakaenda Bulengo, Lushagala, Rusayo. Miaka miwili na zaidi chini ya shitingi. Mwezi wa kwanza 2025 vita vikafika Goma yenyewe, na mwezi wa pili kambi zikavunjwa, watu wakapewa siku chache. Tukapanda tena barabara ya Rutshuru na magodoro kichwani, wenye chukudu wakiweka wazee juu ya chukudu. Tulikuta nini? Munajua tulikuta nini. Manjanja yametolewa, milango imetolewa. Wale wachache waliokuwa na plaki ya jua juu ya nyumba walikuta misumari tu. Hata waya ndani ya ukuta ulivutwa.

Hiyo ya plaki na misumari muiweke akilini, tutairudilia.

Umeme wa waya je? Laini ya Matebe, ile ya Virunga inayotoka Rutshuru, inakwenda Goma na inapita upande wetu huu. Mashine ya Matebe ni megawati 13 hivi, si kitu kidogo. Lakini waya mrefu unaopita katikati ya vita ni waya unaokatika. Munakumbuka mwisho wa mwezi wa kwanza 2025: Goma nzima siku kadhaa bila umeme, na kwa kuwa pampu za maji zinataka umeme, watu wakateremka kuchota ziwani. Kabla ya hapo, 2021, Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 ya mwezi wa tano, lava ilikata barabara hii hii yetu na sehemu kubwa ya mji ikabaki giza. Kwa hiyo hata mwanachama wetu aliye Majengo au Buhene, mwenye mita nyumbani, asifikiri maneno haya ni ya watu wa shamba tu. Yeye anataka akiba ya siku umeme unapokatika. Sisi huku juu tunataka kitu cha kila siku. Kifaa ni kile kile, hesabu njo tofauti.

Na kwa nini tunasema ni haraka? Wengine walituambia: mwanga ni starehe, tutafute mbegu kwanza. Mbegu tunatafuta, iko kamati ingine kwa hiyo. Lakini angalia simu. Tangu mabenki ya Goma yafunge milango mwanzo wa 2025, feza yetu inatembea ndani ya simu. Mutoto aliye Nakivale akituma kitu, kinafika kwenye simu. Mnunuzi wa Goma akilipa gunia la mashu, analipa kwenye simu. Michango ya chama hiki, simu. Sasa simu ikizimika, mtu yuko na feza na hawezi kununua chumvi. Na mama wa mashu asipopata habari ya bei asubuhi, anateremsha mzigo kilometa ishirini na kitu na kuuza kwa bei ya kwanza anayoambiwa, juu ya kuogopa kurudi nao. Hiyo ni feza inayopotea kila wiki, nyingi kuliko ile ya mushumaa.

Tena kuna moto. Nyumba zetu za sasa ni mbao na shitingi, na usiku wa Kibumba ni baridi, watu wanafunga kila tundu. Katadowa moja ikianguka karibu na kitanda cha nyasi, hakuna wa kuzima. Maji yenyewe hapa ni ya kutafuta, munajua, nchi yetu ya mawe ya lava inameza mvua yote. Hatuwezi kusema zaidi ya hapo, tuko na wenzetu ndani ya kikao hiki ambao wanajua jambo hili kuliko sisi.

Basi, kifaa chenyewe. Watu wa mjini wanakiita grupu ya solere, ingawa hakina esansi wala mlio. Ni kisanduku. Ndani yake mna batri, mna chombo cha kupokea umeme wa plaki na kuupima usiue batri, na mna ondilere, yaani kile kinachogeuza umeme wa batri kuwa umeme kama wa ukutani. Mbele kuna prizi na matundu ya simu. Zamani fundi alikuwa anakuja na kila kitu mbali mbali: batri chini ya meza, regilatere ukutani, ondilere pembeni, waya kila mahali. Sasa vyote vimefungwa pamoja. Hakuna kitu cha ajabu ndani. Uzuri wake kwetu ni kwamba unakishika kwa mkono mmoja.

Mutaona namba mbili juu yake, na wauzaji wanazichanganya kwa makusudi. Moja ni wati, W, nguvu ambayo kinaweza kutoa kwa mara moja. Ya pili ni wati-saa, Wh, wingi wa umeme uliomo. Fikirieni bidoni ya maji. Wh ni ukubwa wa bidoni, W ni upana wa mdomo wake. Muuzaji anakuambia "hii ni mia tano" bila kusema mia tano ya nini. Muulize: ya bidoni ao ya mdomo?

Tuchukue kisanduku cha Wh 500, ambacho njo tunafikiria. Hesabu kwamba Wh 425 hivi ndizo utakazopata, maana ondilere nayo inakula sehemu yake. Nyumba yenye ampuli tatu za wati 5, zikiwaka masaa manne, inakula Wh 60. Redio ya wati 5 kwa masaa matano, Wh 25. Simu mbili kubwa, Wh 40 pamoja na kinachopotea njiani. Simu ndogo ya tochi haifiki hata Wh 6. Jumla Wh 125 kwa usiku. Kwa hiyo kisanduku kikijaa, nyumba hiyo inapita siku tatu bila kuona jua hata kidogo. Siku tatu za ukungu, munazijua, mwezi wa nne hapa ziko nyingi. Na kwa mtu wa mjini, siku tatu bila waya ni karibu kipimo cha mambo yaliyowahi kutupata, ingawa mara nyingine yalizidi.

Sasa mama mmoja kwenye kikao kilichopita aliuliza kama kinaweza kupika maharagi. Hapana kucheka, ni swali zuri, juu makala imekuwa ghali. Jiko la umeme, hata dogo, linakula wati 1000. Kwanza kisanduku hiki kitajizima chenyewe, mdomo wake ni mdogo. Na hata kama mdomo ungekuwa mkubwa, Wh 425 zingeisha kwa dakika 25. Maharagi ya Kibumba kwa dakika 25, mungekula mawe. Pasi ni vile vile, na birika ya umeme. Kila kinachotengeneza joto, muache. Mashine ya kunyoa nywele, ndiyo. Televisheni ndogo ya wati 40, ndiyo, kwa masaa machache, na jirani wote watakuja, muwe tayari.

Kijana mmoja alisema pia: kwa nini tusinunue batri kubwa ya gari, iko bei chini, fundi yuko, tumezoea. Ni kweli tumezoea. Tuiangalie. Batri ya risasi ya volti 12 na Ah 100, ukizidisha ni Wh 1200 kwa karatasi. Lakini ile ukiishusha chini ya nusu kila usiku unaiua, kwa hiyo unayo 600. Inapita kilo ishirini na tano. Ya gari hasa haikutengenezwa kwa kazi hii, imetengenezwa kuwasha mota kwa nguvu mara moja kisha kujazwa papo hapo. Ukiitumia kwa ampuli usiku mzima, kwa mwaka mmoja hivi umeshaizika. Ina asidi inayotoboa nguo na ngozi, na ikichajiwa inatoa gesi inayoweza kulipuka, nasi tunaiweka chini ya kitanda juu ya wezi. Ile ya kisanduku tunayotaka ni lithiamu ya fosfati ya chuma. Muone herufi LFP ao LiFePO4 kwenye karatasi yake. Hiyo inavumilia kujazwa na kuisha mara elfu mbili, elfu tatu, kabla nguvu haijapungua sana. Kila usiku mara moja, ni miaka sita, minane. Lithiamu ya namna ingine, ile ya kawaida kwenye visanduku vya bei chini, mara nyingi haipiti mara mia nane, na ikipigwa ao ikipata joto sana inashika moto kwa urahisi zaidi. Bei ya LFP iko juu. Kamati inasema tulipe.

Tena, uzito. Hapa turudilie ile ya plaki na misumari.

Wafadhili wetu wanauliza kwa nini hatuombi mitambo ya kufunga juu ya nyumba, ya kudumu, ya kisasa. Ndugu zetu, sisi tumekimbia 2012, tumekimbia 2013, tumekimbia 2022. Wazee waliomo humu wanakumbuka 1994 pia, wakati Kibumba yote iligeuka kambi ya wakimbizi waliotoka Rwanda. Kitu cha kudumu kwetu ni kile ambacho mama anaweza kubeba akiwa na mutoto mgongoni. Kisanduku cha Wh 500 cha LFP kina kilo sita ao saba. Plaki ya kukunja ya wati 100 ina kilo nne ao tano. Mutu mzima na kijana wake wanabeba vyote viwili mpaka Kanyaruchinya na bado mkono mmoja uko wazi. Na huko walipofika, chini ya shitingi, kitu hicho kinaendelea kufanya kazi, kinachaji simu za watu, kinaleta hata feza ya unga. Wale waliokuwa na chochote cha kuchaji kambini wanajua walivyoheshimiwa. Kisanduku kikubwa cha Wh 2000, ambacho kwa feza hii tungepata kimoja, kina kilo zaidi ya ishirini. Siku ya kukimbia hicho kinabaki, na kikibaki kimekwenda.

Hatusemi haya kwa kuita vita. Tunasema juu tunajua nyumba zetu.

Kwa hiyo pendekezo la kamati ni hili: visanduku vinne vya Wh 500, kila kimoja na plaki yake ya wati 100, kwa vikundi vinne vya nyumba nane nane. Pamoja nacho, kila nyumba ipate taa ndogo moja yenye batri yake ndani. Kisanduku kinakaa kwa mtunzaji. Jioni watu wanaleta simu na taa, wanachaji, wanarudi nazo nyumbani. Hesabu: hapa kwetu juu ya mita 1900 hivi, na ukungu wake, tusijidanganye na masaa sita ya jua. Tuhesabu matatu ya nguvu kamili. Wati 100 mara tatu ni Wh 300. Toa kinachopotea, zinabaki 240. Nyumba moja yenye simu moja kubwa na taa inataka 25. Mara nane, 200. Inatosha, na kidogo kinabaki. Lakini nyumba moja ikileta televisheni, haitoshi. Njo maana kuna sharti, na sharti hilo tutalisoma mbele ya kila kikundi.

Wengine wamesema: mbona tusichukue vile vifaa vya kulipa kidogo kidogo kwa simu, kampuni ziko Goma? Ni njia nzuri kwa mtu mwenye mshahara ao biashara isiyosimama, na baadhi ya wanachama wetu wa mjini wanavyo. Shida ni kwamba kifaa hicho kinajifunga usipolipa, na mutu aliye njiani anakimbia halipi. Tulikuwa na wenzetu kambini waliobeba taa kama hizo toka hapa mpaka Bulengo, zikafungwa baada ya wiki chache, wakabaki na sanduku la plastiki. Tusiwalaumu sana wauzaji, nao wanatafuta feza yao. Ila kabla ya kuweka kidole, uliza swali hili: vita vikija, malipo yanasimama? Kama jibu haliko kwenye karatasi, haliko.

Tena tusisahau kwamba watu kama sisi wameshafanya kazi hii. Vijana wawili wa Fizi, Washikala Malango na Iongwa Mashangao, walikulia katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Waliporudi wakaanzisha kampuni ya taa za jua, Altech, 2013, na leo inauza katika sehemu nyingi za Kongo. Walijua giza la kambi, wakajua mutu anataka nini. Hatutangazi bidhaa yao, tunasema tu kwamba aliyerudi si lazima awe mwenye kupokea siku zote.

Sasa kununua. Ndugu wa mbali, tafadhali sikilizeni hapa, juu wawili wenu wameshatuandikia kwamba watatuma kisanduku ndani ya sanduku la safari la mutu anayekuja. Haiwezekani. Ndege ya abiria haikubali batri ya lithiamu inayopita Wh 160, wala mkononi wala mzigoni. Ile ya kuchaji simu chini ya Wh 100 inakubaliwa mkononi tu. Na uwanja wa Goma wenyewe mulisikia ulivyofungwa. Tumeni feza, tutanunua huku karibu, Goma ao ng'ambo ya Gisenyi, tutawatumia karatasi ya duka na namba iliyochapwa chini ya kila kisanduku.

Tutakaokwenda dukani tutabeba mizani. Ndiyo, mizani ya mashu. Kisanduku kizuri cha LFP kinabeba kama Wh 80 kwa kila kilo. Kikiandikwa Wh 1000 na kina kilo tatu, hicho kimejaa maneno. Muuzaji akikutajia "mAh laki moja", uzidishe kwa volti 3.7 na ugawe kwa elfu: ni Wh 370, si zaidi. Plaki vile vile: ya kweli ya wati 100 ina kama mita moja kwa nusu mita. Ukionyeshwa plaki ya "wati 200" inayoenea kwenye sahani ya kupepeta mchele, muambie aksanti na uende zako. Na tutawasha kisanduku palepale dukani, na ampuli zetu, kwa saa nzima. Muuzaji asiyetaka kungojea saa moja, tumemuelewa.

Utunzaji hauna mambo mengi. Plaki isilale kabisa, iinamishwe kidogo ili mvua iioshe. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, jua linapita juu ya kichwa, hakuna haja ya kuisimamisha. Asubuhi kukiwa wazi iangalie mashariki, mchana ilegezwe. Kivuli cha jani moja la ndizi kinaweza kukata nusu ya nguvu, musidharau. Upepo ukileta majivu ya Nyiragongo, ifutwe kwa kitambaa chenye maji, si kwa mchanga. Moshi ule ule unaokula manjanja yetu unakula pia vichwa vya waya, kwa hiyo vifutwe na kukaushwa. Kisanduku kikae ndani, juu ya ubao, si juu ya jiwe lenye unyevu, wala karibu na mafiga. Plaki nje, kisanduku ndani, daima; watu wanaviacha vyote juani wakifikiri batri nayo inakula jua. Kikiwa hakitumiki muda mrefu kisiachwe kitupu, kiwe nusu ao zaidi.

Mambo mawili ni ya hatari kweli. La kwanza: musiunge plaki kubwa ya nyumba kwenye kisanduku kidogo kwa kutaka kijae haraka. Angalia volti zinazokubaliwa, zimeandikwa karibu na tundu. Kama kinasema mwisho ni volti 28 na plaki ya wati 250 inatoa volti 37, unakichoma siku ya kwanza. La pili ni la wenzetu wa mjini wenye mita. Usitengeneze ule waya wenye vichwa viwili vya dume, kimoja kwenye kisanduku kingine kwenye prizi ya ukuta, ili nyumba yote iwake. Umeme huo unatoka nyumbani unaingia kwenye laini, na fundi aliye juu ya nguzo, anayefikiri waya umekufa, anauawa na wewe. Na umeme wa kawaida ukirudi ghafla, kisanduku chako kinakwenda. Chomeka taa moja moja kwenye kisanduku chenyewe, basi. Kwa wenye grupu ya esansi: isiingie ndani ya nyumba hata kama mvua inanyesha, hata kwenye veranda iliyofungwa. Moshi wake hauna harufu ya kukuamsha.

Nani atatunza? Kamati inaomba kila kikundi kichague watu wawili, mmoja awe mama, na wasiwe wa nyumba moja. Tutatumia mtindo wa likelemba tunaoujua: kila nyumba inaleta kitu kidogo kila wiki, si malipo ya umeme, ni akiba ya kutengeneza na ya kununua batri ingine siku hii itakapozeeka. Kama mutu alikuwa analipa franka 300 mara nne kwa wiki kuchaji simu, akileta nusu yake bado amepata. Nyumba ya mjane ao ya mzee asiye na mutoto haileti kitu, hilo tulishakubaliana. Na usiku ambao mama wa kikundi anazaa, ao mutu ni mgonjwa sana, kisanduku kinakwenda kwake, na simu za wengine zitangoja. Hakuna wa kuomba ruhusa kwa kamati usiku wa manane.

Neno moja la mwisho kwa wafadhili, na mutusamehe kama linaonekana kali. Tunajua munataka picha. Tutawapa picha ya karatasi za duka, ya namba, ya mikono inayoshika taa. Hatutawapa picha ya nyumba, ya sura ya mtunzaji, wala jina la mtaa wake. Taa inayowaka usiku Kibumba inaonekana toka mbali, na siyo kila anayeiona anatutakia mema. Watunzaji wataambiwa wafunike madirisha. Picha ikiwekwa kwenye simu huko Ulaya saa mbili, saa tatu iko hapa. Wale munaoona hilo ni kukosa uwazi, njooni kwenye hesabu: daftari liko wazi kwa kila aliyetoa hata dola tano.

Kura tutaipiga Jumapili ijayo baada ya salongo, kwa kuinua mkono, visanduku vinne ao kile kikubwa kimoja. Kwa leo tumeazima kimoja cha Wh 500 kwa mutu wa Goma, kiko hapa mbele chini ya kitenge. Kila mutu apite akinyanyue. Wamama waanze, wenye watoto mgongoni.